Maua Yasiyopenda Taa

Ninyi wasichana mnaofunga maua ya plastiki kwenye viti vya sherehe, wekeni simu chini kidogo. Nina maneno nanyi. Sikuja kuwatukana. Maua yenu ya plastiki nimeyaona, mengine yanapendeza, na hayaombi maji. Lakini ua lisiloomba kitu halikufundishi kitu. Hilo ni neno langu la kwanza, na anayelikataa arudi kwenye gundi yake sasa hivi, asinipotezee karatasi.

Mjukuu wangu Aline ndiye aliyetaka niandike. Ana kikundi chake cha kupamba kumbi hapa Kabondo, Kisangani. Alikuja akaniambia, "Koko, wasichana wangu hawajui hata jina la ua moja la kweli. Waandikie." Koko ni mimi, nyanya yake. Nikamjibu kwamba shule yangu iliishia mwaka wa tatu. Akasema, "Bon, andika kama unavyosema." Basi nimekaa, ninaandika kama ninavyosema. Palipo na kosa ni langu, na palipo na ukali ni wangu pia.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza mimea ndani ya nyumba za watu. Sikuwa mlimaji wa bustani. Nilikuwa naingiza ndani: sebuleni, kwenye barza pale mbele ambapo wageni hukaa, kwenye ngazi, karibu na dirisha la mgonjwa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na ndoo, kisu na kitambaa. Mtu aliniita kwa Noeli, mwingine kwa Idi, mwingine kwa sababu mtoto amepata diplome, na kila mara nilitakiwa nijue majira yale kuna nini kinachochanua. Sisi hatuna ile baridi ya Ulaya ambayo mnaiona kwenye filamu, theluji mpaka dirishani. Lakini msidhani mwaka wetu ni siku moja inayojirudia. Mvua ikianza kupungua mwisho wa mwaka, ukungu wa asubuhi ukikaa juu ya mto mpaka saa mbili, jua la kiangazi chetu kifupi likakaza, hapo bugenvilia inafanya wazimu. Mwenye macho anajua.

Na tukiitaja bugenvilia: ikate kabla jua halijapanda. Toa majani yote ya kijani, bakisha yale ya rangi peke yake, kisha uitie kwenye maji mara moja, usisimame njiani kusalimia watu. Ukiikata saa sita, italala kabla wageni hawajafika. Nimewahi kupamba meza ya ubatizo kwa bugenvilia ya saa sita. Padri alipofika kula, meza ilikuwa kama imepigwa na malaria.

Aliyenifundisha ni Bibi Mwajuma wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikuwa wa zile familia za Waislamu wa zamani, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi wa fundi, na sisi wengine wote alituona tunatafuna maneno kama muwa. Ua wa nyumba yake ulijaa makopo ya maziwa, bidoni za plastiki zilizokatwa katikati, sufuria zilizotoboka, hata beseni la kunawia lililopasuka, na kila kimoja kina mmea unaong'aa. Hakuwa na chungu kimoja cha duka. Nimeona bustani za wakubwa hapa Kisangani zenye wafanyakazi watano. Hakuna iliyonifanya nisimame mdomo wazi kama ua wa yule mama. Alikuwa anapita katikati ya mimea yake asubuhi akiigusa mmoja mmoja, halafu anasimama: "Huyu anaumwa." Mimi naangalia, sioni kitu. Siku tatu baadaye jani linageuka njano.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwagilia mimea ya nyumba ya mwalimu mmoja kila asubuhi, kama mtu anayempa mtoto uji. Ikafa yote. Nikapeleka chungu kimoja Lubunga kwa mtumbwi, nikakiweka mbele yake. Akakinusa.

"Umemfanya nini huyu?"

"Nimemnywesha, Bibi. Kila siku, sijakosa."

"Umemzamisha. Mto si ule pale? Angetaka kuzama angekwenda mwenyewe."

Halafu akanishika mkono, akakichomeka kidole changu kwenye udongo wa kopo jingine mpaka kifundo cha pili. "Kikitoka kikavu, mpe maji. Kikitoka na udongo umeganda, mwache. Usiangalie juu. Juu wote wanadanganya." Tangu siku ile mpaka nilipoacha kazi, kucha ya kidole changu cha shahada haikuwahi kuwa safi, na sikuona haya, hata kanisani.

Mengine aliyonipa ninayamwaga hapa, okoteni. Mmea usikae karibu na mlango wa jiko, moshi wa babula, lile jiko la makaa, unaziba jani kama masizi yanavyoziba kioo cha taa ya mafuta. Futa jani kwa kitambaa chenye maji, juu na chini, na lile la chini ndilo linalopumua. Geuza chungu robo kila wiki, la sivyo mmea unapinda kuelekea dirishani kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Maji uliyooshea mchele usiyamwage bure, mnyweshe mmea. Na waridi la porseleni, lile linaloota chini karibu na majimaji, linakaa kwenye chupa wiki nzima bila kulalamika, kwa hiyo ndilo la kupeleka kwa mtu mvivu.

Halafu kuna habari ya majina. Mnakijua kile kimea kinachotambaa, jani lina mistari ya zambarau na fedha? Wenye Kifaransa wanakiita misère, yaani ufukara. Sijui walikuwa wamekunywa nini. Mama mmoja tulimning'inizia kwenye barza, akakipenda sana, mpaka siku mwanafunzi mmoja alipomtajia lile jina. Tulikuta kopo limetupwa barabarani.

"Mi niingize misère mu nyumba yangu?" alipiga kelele. "Iko misère ya kutosha! Ile nilizaliwa nayo haijaisha!"

Bibi Mwajuma hakubishana. Aliokota kopo, akalipeleka kwake, akalitunza wiki mbili, kisha akarudi nalo kwa mama yule yule. "Hiki kinaitwa Baraka," akasema. Mama akafurahi, akakitundika juu ya mlango. Njiani nikamwambia, "Bibi, umemdanganya." Akanitazama. "Nimemwondolea mtu jina alilobandikwa. Wewe ungependa uitwe Njaa?"

Sasa niwaambie juu ya nyumba ya Mama Odette. Huko ndiko nilikokaribia kupoteza kazi yangu na jina langu pamoja, na haikuwa zamani sana. Paneli za jua zilikuwa zimeshafika mjini.

Mume wa Mama Odette alikuwa mfanyabiashara, huenda mpaka Ubundu, safari ya mbali, na kurudi. Nyumba yao ilikuwa na paneli juu ya paa na betri kubwa ndani. Mtaani pale, jioni ikifika, kila mtu anatafuta mshumaa au tochi ya simu. Kwa Mama Odette kunang'aa kama uwanja wa mpira, barzani, getini, mpaka asubuhi. Taa zilijiwasha zenyewe jua likianza kushuka. "Kwangu giza haiingie," alikuwa akisema, na alikuwa na haki ya kujivuna, maana mimi namkumbuka alipokuwa anauza mishumaa.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Didier, aliyekuwa Ubelgiji miaka mingi. Huko akaoa msichana Mkongomani aliyezaliwa huko huko, jina lake Nadège. Mama Odette alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye simu. Sasa walikuwa wanakuja kwa Noeli, wiki mbili, mara ya kwanza.

Aliniita, akanikalisha, akanipa soda, nikajua kuna jambo.

"Mama Feza, ule mutoto ya watu atanipima. Akiona kwangu kubaya, Didier hatarudia tena huku. Nitabakia mama wa telefone mpaka nife."

Mama wa telefone. Neno lile liliniingia. Nina watoto wawili walio mbali.

"Unataka nini?" nikamwuliza.

"Alisema mu telefone, kwao wakati wa baridi kila dirisha iko na ile maua nyekundu, kama nyota. Nataka siku wanaingia, barza yote iwe nyekundu. Aone hapa pia iko nyumbani."

Ua hilo mnalijua, nyota ya Noeli. Tena mjue hili: yale mekundu si maua, ni majani ya juu yanayobadilika rangi. Ua lenyewe ni vile vipunje vya njano katikati, ambavyo hakuna anayeviangalia. Na ukilikata linatoa maziwa, usijifute machoni. Mtalia, na si kwa furaha.

Bibi Mwajuma mguu wake ulikuwa umevimba, havuki tena mto, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya kwangu peke yangu. Alinipa mimea kumi na miwili, minene, yote ya kijani bado, nikaitia kwenye vyungu vya Mama Odette. Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi. "Nenda," akasema. "Ukishindwa, usiwaambie ni mimi niliyekufundisha."

Nikavipanga barzani kwa Mama Odette, sita huku, sita huku. Sikuwa na wasiwasi. Kwangu Kabondo nyota zangu huwa nyekundu zenyewe kila mwisho wa mwaka, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Hilo ndilo kosa langu, wasichana, na ni kosa la watu wengi wenye mkono mzuri: kitu kikikuendea vizuri hukiulizi swali.

Wiki tatu zikapita. Kijani. Nikaongeza mbolea ya kuku iliyolala vizuri. Majani yakanenepa kama watoto wa tajiri, lakini kijani. Mama Odette anapita, ananiangalia. Mimi nami nikaenda Lubunga kumsalimia Bibi, na pale uani kwake, kwenye makopo yake ya maziwa, nikakuta nyota zimeshaanza kushika wekundu kwenye ncha zote. Mama mmoja, mbegu moja, udongo ule ule.

Nitawaambia nilichofikiri, ingawa kinanitia aibu. Nilifikiri: bibi huyu ana dawa, ananificha.

"Bibi," nikasema, "nipe ile dawa."

"Dawa gani?"

"Ile unayotilia nyota zako. Miaka yote hii nakubebea maji, na bado unanificha kitu."

Alicheka mpaka akashika mguu wake kwa maumivu. Halafu akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kaa chini, Feza. Kwako Kabondo jioni kuna taa?"

"Mshumaa, Bibi. Tena ndani."

"Kwangu hapa unaona waya wowote?"

"Hapana."

"Na kwa Odette?"

"Zinawaka mpaka asubuhi."

"Mmea huu unahesabu giza," akasema. "Unataka usiku wake mzima, usiokatwa, tena usiku mrefu. Ukiuwashia taa unadhani jua halijatua, unaendelea kuota majani kama mpumbavu. Nani aliniambia? Hakuna. Zamani nilikuwa nao mmoja chini ya taa ya msikiti na mwingine nyuma ya choo. Wa nyuma ya choo ndio uliokuwa mwekundu. Nikaangalia miaka miwili, mitatu, nikaelewa." Akaninyooshea kidole. "Lakini ninyi, mtu akijua kitu mnasema ana dawa. Mimi nina macho tu. Nenda zako."

Nilivuka mto nikiwa mdogo kama punje ya mchele. Mpaka leo, nikisikia mtu anaitwa mchawi kwa sababu kuku wake wanataga, namkumbuka bibi yule ameketi na mguu wake juu ya kigoda, ameangalia mimea miwili kwa miaka mitatu, hakuna aliyemwomba, hakuna aliyempa cheti.

Kwa Mama Odette nikasema wazi: tuzime taa za barza jioni mpaka Noeli.

"Nizime?" Akacheka kama mtu aliyesikia tusi. "Batu watasema mume wangu ameanguka! Apana. Tafuta njia ingine."

Njia nyingine ilikuwa kartoni. Nikaokota kubwa kubwa, za sabuni na za maziwa ya unga, nikaziba matundu yote kwa vitambaa. Kila siku saa kumi na moja jioni nilifika, nikafunika vyungu kumi na viwili. Kila siku saa moja asubuhi nilirudi, nikavifunua. Kwenda na kurudi kwa toleka, ile baiskeli yetu ya kubeba abiria, mara mbili kwa siku, Jumapili pia. Dereva mmoja wa toleka akazoea kuniuliza, "Mama, unaenda kulaza watoto?" Namjibu, "Ndiyo, kumi na wawili, na hakuna anayeniita mama."

Wiki ya tano, mishipa ya majani ya juu ikaanza kuingia wekundu. Niliita Mama Odette. Akainama, akaweka miwani, akagusa jani kwa mgongo wa kidole kama anavyomgusa mtoto mwenye homa. Siku ile nilipewa sahani ya lituma, zile ndizi zetu za kutwanga, na samaki, na Mama Odette alizitwanga mwenyewe.

Siku kumi kabla ya wageni kufika, nikakuta kuna mtu barzani. Ni Mama Espérance, jirani wa ng'ambo ya ukuta, kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaa. Mtu mzuri, msidhani vingine. Ukiumwa, yeye ndiye wa kwanza kuja na chai. Lakini alikuwa ameniangalia juu ya ukuta wiki nyingi.

"Odette," akasema, haniangalii mimi, "mutu anakuja jioni anafunika bintu. Asubui anafunua. Kila siku! Na midomo yake inacheza. Anasema na nani?"

Midomo yangu ilikuwa inahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, ili nisisahau chungu. Ndiyo tabia yangu hata leo, nikihesabu vijiko.

"Ninahesabu, mama," nikasema.

"Unahesabia nani?"

Nikafunua kartoni moja. "Angalia. Ni majani. Yanataka giza ili yawe mekundu."

Mama Espérance akaangalia, akarudi nyuma hatua moja. Halafu akasema neno lake. "Kitu ya Mungu haiogope mwangaza."

Mimi na darasa langu la tatu, nilisimama pale na kartoni mkononi. Lilikuwa neno zuri, nakiri. Mama Odette alikuwa anatuangalia kwa zamu. Nilimwona anapima: mtoto anakuja baada ya miaka yote ile, na hapa barzani kuna kitu kinachofunikwa kila jioni na mjane wa Kabondo.

"Mama Feza," akasema polepole, "sisemi kama ni kweli. Lakini roho yangu haitulie tena. Beba kartoni zako. Maua, acha."

Nilizikunja kartoni zote kumi na mbili, nikazifunga kwa kamba, nikapanda nazo kwenye toleka. Dereva hakuniuliza chochote siku ile.

Bibi Mwajuma nilimkuta amelala. Nikamweleza yote, na lile neno la mwangaza.

"Ungemwuliza yeye mwenyewe miezi tisa ya kwanza alikaa wapi," akasema, "na kama huko kulikuwa na balbu."

"Sikufikiri, Bibi."

"Hufikiri haraka. Lakini hufanyi kazi ya hovyo." Katika miaka yote ile, hiyo ndiyo sifa pekee niliyoisikia kwa sikio langu, na ilikuja siku nimefukuzwa.

Nikamwambia siku ya wageni sitakwenda. Naona haya. Bibi akainuka kwenye mkeka kwa viwiko.

"Utakwenda. Utafuta majani. Mtu hakimbii kazi yake iliyoharibika, Feza. Anasimama karibu nayo ili wanaouliza wajue pa kuuliza."

Basi nikaenda. Vyungu vilikuwa vimekaa siku kumi chini ya taa, wekundu umesimama pale pale ulipokuwa: mishipa na ncha, majani nusu kijani nusu damu. Vinne tu, ambavyo mtu alikuwa amevisogeza nyuma ya friji kubwa la vinywaji ambako taa haifiki vizuri, ndivyo vilivyoendelea. Nikavileta mbele. Nikafuta kila jani, juu na chini. Mama Odette alinipita mara tatu na liputa yake mpya, kitenge cha kujifunga kiunoni, hanifukuzi, hanisalimii.

Wageni wakaingia saa tisa. Nadège alikuwa msichana mrefu, nywele fupi, macho yamechoka na safari. Alimpa mama mkwe mkono. "Bonjour, Madame." Mama Odette alikuwa ameshafungua mikono yake yote miwili, ikabidi aifunge tena. Nilikuwa nimesimama kando ya nguzo, niliona.

Wakakaa. Mama anasema kwa Kiswahili, Didier anamgeuzia mke wake kwa Kifaransa. Mke anajibu, Didier anamgeuzia mama. Maneno yanazunguka kama mtu anayekwenda Lubunga kwa kupitia Ubundu. Mama Espérance naye alikuja kusalimia, akakaa pembeni na pochi magotini. Halafu wazee wa mtaa wakamwita Didier nje, akaenda. Wakabaki wanawake, bila mtu wa kuwageuzia maneno. Mama Odette alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya liputa yake. Unaona mtu anapoteza kitu mbele yako na huwezi kumwokotea.

Jua likaanza kushuka. Taa za barza zikawaka zenyewe, zote, nyeupe.

Nadège akaangalia juu. Halafu akaangalia vyungu. Akainuka, akaja mpaka kwenye kimoja cha nusu kijani, akakigeuza, akashika jani, akaangalia tena taa, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyemkuta ndugu yake uwanja wa ndege.

"Mais non," akasema. "C'est la lampe!" Akatafuta maneno, akayaokota, mengine Kilingala, mengine Kiswahili alichomsikia mumewe akiongea kwenye simu. "Taa... mabe. Mbaya. Yeye anataka... molili. Giza." Akaanza kutuonyesha kwa mikono. Kwake, kila jioni, anachukua chungu chake, anakitia kabatini katikati ya makoti, anafunga mlango. Asubuhi anakitoa. Mwaka mmoja alisahau mara kwa mara, kikabakia kijani, mume wake akamcheka. Yote hayo alituigizia pale barzani, na viatu vyake vya safari, mpaka na kicheko cha Didier.

Halafu akauliza, "Hamuna kartoni?"

Mama Odette aliniangalia mimi. Mimi nilimwangalia Mama Espérance. Mama Espérance alikuwa ameinamisha kichwa, anakagua pochi yake kama imetobolewa.

"Ziko kwangu," nikasema. "Kabondo. Kumi na mbili."

Mama Odette akainuka. Nilidhani anakuja kuniambia kitu. Alinipita, akaenda mpaka ukutani kwenye kile kisanduku cha taa, akabonyeza. Barza ikazimika. Akabonyeza tena, geti likazimika. Mtaa mzima uliona, maana haikuwa imewahi kutokea.

Haikupita dakika, sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, ya mwanamume, imejaa furaha: "Odette! Iko nini? Batri zimekufa?"

"Apana!" akajibu Mama Odette kwa sauti yake ya sokoni, ile ya zamani, ya wakati wa mishumaa. "Maua inalala!"

Nadège hakuelewa. Akamwuliza mama mkwe wake, yeye mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumwuliza: "Inalala... ni nini?" Mama Odette akaweka viganja viwili chini ya shavu, akafumba macho, akakoroma. Msichana akacheka kwa sauti, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha yule mama. "Inalala," akarudia. "Na hii?" Akanyoosha kidole kwenye sahani ya chakula iliyokuwa mezani. "Lituma," Mama Odette akasema, akaanza kumwonyesha kwa ngumi jinsi ndizi inavyotwangwa. Msichana akatwanga hewani, akatwanga vibaya. Mama akamshika mikono yote miwili, akamrekebisha, na hakuiachia tena.

Mwanga uliobaki ulikuwa ule wa mbinguni tu, wa dakika za mwisho. Mama Espérance aliinuka kwanza, akaja mpaka niliposimama. "Mama Feza," akasema chini chini, "na mimi unaweza kunikatia tawi moja?" Nikamwambia aje Jumatatu, na asijifute machoni.

Halafu nikachukua ndoo yangu na kitambaa. Wale wawili walikuwa bado wanatwanga ndizi zisizokuwapo. Hakuna aliyeniaga, na mimi sikukohoa ili wanione.